Kufufua gari la zamani nyumbani, anza na namba kabla ya spana

Kabla hujanunua hata nati moja, andika namba ya chasisi na ya injini, maana gari zinaweza kufanana kwa nje ila ndani zikawa tofauti kabisa, mfano Volkswagen Beetle za zamani zilitumia umeme wa volti 6 halafu baadaye zikahamia volti 12, sasa ukinunua stata (mota ya kuwashia injini) kwa kuangalia picha tu hela imeenda. Na spea mbovu usiitupe mpaka mpya ikae vizuri mahali pake, ile ndo sampuli yako.

Injini iliyolala miaka mingi usiipige stata hata kama betri ni mpya! Pistoni zinaweza kuwa zimeshikana na kutu kwenye silinda, ukilazimisha unavunja ringi za pistoni. Toa plagi zote (zile za kutoa cheche), mimina oili kidogo kila tundu, acha siku mbili tatu, kisha shika bolti ya puli ya krenki (puli ya mkanda kwenye mhimili mkuu wa injini) na spana uzungushe taratibu kwa mkono, ikigoma ongeza oili usubiri tena. Mimi hapa ndo naona watu wengi wanaharibu, haraka tu.

Mipira ya breki, yaani paipu za mpira za kupitisha mafuta ya breki, badilisha yote bila kujadiliana, inaweza kuonekana mizima nje kumbe ndani imevimba na kuziba njia ya mafuta hayo.

Rangi iwe mwisho kabisa. Na kila unachofungua piga picha kwanza, bolti zake weka kwenye kimfuko uandike zimetoka wapi.