Jinsi ya kudai fidia ukiwa ulifungwa bila hatia, Dar es Salaam

Ukitoka Segerea, Keko au Ukonga baada ya kushinda kesi, hakuna dirisha la kwenda kujaza fomu ulipwe siku zako. Njia iliyopo ni kufungua kesi ya madai, na mzigo wote wa kuthibitisha ni wako.

Anza na karatasi. Iandikie barua mahakama iliyokuachia, uombe nakala iliyothibitishwa ya hukumu pamoja na mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu za yaliyosemwa mahakamani. Kama umeonekana huna hatia, au rufaa yako imekubaliwa, una pa kuanzia. Kama uliachiwa kwa sababu DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka) alisema hana nia ya kuendelea na kesi, hiyo si sawa na kushinda: unaweza kukamatwa tena kwa shtaka lilelile. Muone wakili kwanza.

Usilidharau faili la mwenendo. Kushinda peke yake hakutoshi. Mahakama zetu hutaka uonyeshe kwamba ulishitakiwa, kesi ikaisha kwa upande wako, hapakuwa na sababu ya msingi ya kukushitaki, aliyekushitaki alikuwa na nia mbaya, na ukapata hasara. Nia mbaya ndiyo inayowaangusha wengi. Tafuta ndani ya faili: shahidi alikiri nini alipohojiwa na upande wako? Mlalamikaji mlikuwa na ugomvi wa kiwanja au deni? Kuna ushahidi polisi waliujua wakaufumbia macho?

Hapa nasema wazi: huu si uungwana. Asiye na hatia aliyefungwa miaka mingi kwa kukosewa tu, bila chuki ya mtu yeyote, anatoka mikono mitupu, ingawa miaka yake imepotea vilevile. Ibara ya 107A ya Katiba inazitaka mahakama zitoe fidia ipasavyo, lakini kwa mujibu wa sheria mahsusi ya Bunge. Tanzania pia imo tangu 1976 kwenye mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, unaotaka mtu aliyehukumiwa kimakosa afidiwe kwa mujibu wa sheria. Bunge lina deni hapo.

Sasa amua unamdai nani. Jirani aliyekusingizia unamshitaki yeye mwenyewe. Ukiidai Serikali, lazima kwanza utoe notisi ya siku 90 kwa wizara au idara husika, ukieleza msingi wa madai, na nakala umpelekee Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Kila ofisi ikugongee muhuri wa kupokea kwenye nakala yako, wenye tarehe. Bila notisi, kesi itatupwa hata kama dhuluma iko wazi. Siku hizo zikiisha, hati ya madai inasajiliwa Mahakama Kuu, Mwanasheria Mkuu akiunganishwa kama mdaiwa.

Usichelewe. Madai mengi ya madhara yana ukomo wa miaka mitatu, lakini yapo yanayohusu vitendo vilivyofanywa kwa kutekeleza sheria ambayo ukomo wake ni mwaka mmoja. Jiwekee mwaka mmoja.

Kuhusu kiasi: hasara mahsusi, yaani ada ya wakili, matibabu, mshahara uliokatika, mtaji wa genge uliokufa, hulipwa kwa uthibitisho tu. Waulize ndugu waliokuletea chakula gerezani kama wametunza risiti na miamala ya simu. Maumivu, aibu mtaani na muda uliopotea vinaangukia fidia ya jumla, ambayo jaji huipima mwenyewe. Hakuna kiwango cha kila siku uliyokaa ndani. Kwa hiyo eleza kwa kina: kazi gani uliikosa, watoto waliacha shule lini, afya yako ikoje.

Huna pesa ya wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatambua watoa msaada wa bure. Hapa mjini wapo LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu) na TAWLA (chama cha wanasheria wanawake). Na mtu akikuahidi kuipeleka kesi mpya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu kule Arusha, usimpe hela: Tanzania iliondoa mwaka 2019 tamko lililoruhusu mtu binafsi kwenda huko moja kwa moja, na mlango ukafungwa Novemba 2020.