Gapi mwenye mimba: mama mwache, wafichie watoto

Gapi, samaki mdogo wa kufugwa kwenye tangi la kioo, hatagi mayai kama kambare. Huzaa vifaranga wanaoogelea dakika ileile, na akigeuka akawakuta mbele ya mdomo, huwala. Kuzaa anajua mwenyewe. Wewe kazi yako ni kuhakikisha hawaoni watoto wake.

Hatua ya 1: Soma tumbo. Nyuma ya tumbo, karibu na pezi la chini, kuna doa jeusi. Majike wengi wanalo hata bila mimba, hivyo angalia linavyopanuka. Mimba huchukua siku 21 hadi 30 hivi. Siku zikitimia, tumbo huwa kama la pembe nne, naye hujibanza kwenye kona na kususa chakula. Usishangae jike aliye peke yake akizaa mwezi huu na mwezi ujao tena: mbegu za dume huzihifadhi mwilini kwa miezi.

Hatua ya 2: Tengeneza maficho. Mimea ya majini iliyofumana ndiyo bora. Ukiikosa, nunua kipande cha kamba mpya ya manila, kifumue nyuzi zote, suuza kwa maji ya moto bila sabuni, kisha ziache zielee zikining'inia kama ndevu. Vifaranga hupenya, mama hapenyi.

Kile kisanduku cha kuzalishia kinachouzwa madukani sikipendi. Jike wa kwanza niliyemtia humo tumbo likiwa limeshafika alizaa kesho yake, watoto hawajakomaa, wengi wamekufa. Kama lazima umhamishe, fanya hivyo wiki moja au mbili kabla, kwenye chombo kikubwa chenye maji ya tangi lake.

Hatua ya 3: Maji. Nyuzijoto 24 hadi 27 zinatosha. Dar hita ni mapambo tu. Arusha au Nairobi wakati wa baridi utaihitaji. Gapi hupenda maji magumu, yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika. Badilisha robo ya maji kila wiki. Ya bomba yatie kwanza dawa ya kuondoa klorini. Kuyalaza kwenye ndoo husaidia kwa klorini ya kawaida, lakini kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia) haitoki hivyo.

Hatua ya 4: Wamezaliwa. Mara nyingi huwa 20 hadi 50. Kama mama alikuwa kwenye chombo chake peke yake, mrudishe kwa wenzake. Mdomo wa filta (chujio la maji) uzibe kwa sponji, la sivyo utawavuta wote. Walishe mara tatu au nne kwa siku chakula cha kawaida ulichokisaga kwa vidole hadi kiwe unga. Kiini cha yai la kuchemsha kinafaa pia, ila punje ndogo sana! Kikibaki, maji yananuka kabla ya jioni.

Hatua ya 5: Tenganisha madume. Kuanzia wiki ya nne, pezi la chini la dume huanza kuwa jembamba kama kijiti. Mtoe mara umwonapo, kwa sababu hachagui, na dada zake wanaweza kushika mimba kabla ya kufikisha miezi mitatu.