Mchwa wa nyumbani: bomba moja la lita 16 halitoshi

Masika yakianza, kumbikumbi wakaanza kuruka jioni kuzunguka taa, napokea simu zilezile kutoka Goba, Chanika, Kigamboni na Mbezi, hapa Dar es Salaam: "Afisa, nimeshapiga dawa ya mchwa mara tatu na wamerudi." Nikiuliza dawa ilichanganywa na maji kiasi gani, jibu ni bomba moja la mgongoni. Lita 16, nyumba nzima. Nikiuliza ilipigwa wapi, naambiwa kwenye fremu ya mlango na kwenye ile michirizi ya udongo iliyopanda ukutani. Hapo ndipo fedha inapoteketea.

Dawa ya mchwa wa ardhini hainyunyizwi, inamwagwa. Hao unaowaona kwenye fremu ni vibarua waliotoka kutafuta chakula. Malkia yuko chini ya ardhi, pengine nje kabisa ya kiwanja chako, na malkia wa mchwa wajenga vichuguu anaweza kutaga mayai maelfu kwa siku moja. Unaua vibarua mia, wanakuja wengine. Dawa za kopo za mbu na mende zinaharibu zaidi, kwa kuwa zilizo nyingi kati yake zinawafukuza tu: wanaacha fremu ya sebuleni, wiki mbili baadaye wanaibukia kabati la jikoni, nawe ulishajisifu kwa majirani. Oili chafu na mafuta ya taa ndiyo kabisa. Yanachafua udongo, yananuka, na mafuta ya taa juu ya mlango wa mbao ni kualika moto.

Sasa hesabu, na naomba isomwe na mwenye nyumba mwenyewe, asiachiwe fundi. Kipimo ni lita 5 za dawa iliyokwisha kuchanganywa kwa kila mita 1 ya ukuta, kwa kila sentimita 30 za kina. Chukua futi kamba uzungushe nyumba. Nyumba ya mita 10 kwa 12 ina mzunguko wa mita 44. Mara 5, ni lita 220. Ndizo ndoo 11 za lita 20, kwa nje tu. Ulipotumia bomba moja, kila mita ya ukuta ilipata kama theluthi ya lita. Kiasi hicho kinalowesha vumbi la juu na kuishia hapo.

Chimba mfereji unaogusa ukuta, upana sentimita 15, kina sentimita 30. Usichimbe hadi ukapita chini ya kitako cha msingi. Mwaga nusu ya dawa ndani ya mfereji kwa keni au ndoo, polepole, isije ikatiririka kuelekea kwa jirani. Nusu iliyobaki unaichanganya na udongo wenyewe wakati unaurudisha. Watu wengi wanaruka hatua hii: wanamwaga yote chini, kisha wanafukia kwa udongo mkavu usio na dawa, na mchwa wanajipitia juu kwa juu. Wengine wanaruka mita mbili za barazani kwa kuwa pana vigae. Basi hizo mita mbili ndizo mlango wao mpya. Penye vigae au zege, toboa kwa drili matundu ya milimita 12, karibu kabisa na ukuta, kila baada ya sentimita 30, na kila tundu lipate lita moja na nusu, kisha uzibe kwa saruji. Kabla ya kutoboa, jua bomba la maji na waya wa umeme vinapita wapi.

Kuhusu ukali wa dawa, chukua mfano wa imidakloprid yenye gramu 200 kwa lita. Kupata nguvu ya asilimia 0.05 unahitaji mililita 50 kwa ndoo ya lita 20, yaani mililita 550 kwa zile lita 220. Dawa nyingine zina vipimo vyake, kwa hiyo lebo ndiyo inayoamua, na lebo hiyo lazima itaje mchwa wa majengo na iwe na usajili wa TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Msizidishe! Imidakloprid na fipronil zinafanya kazi kwa sababu mchwa hazitambui. Anapita, anabeba, anawaambukiza wenzake kabla ya kufa. Ukimimina mara tatu ya kipimo, anafia palepale na kiota hakipati kitu. Na yule fundi anayekuuzia "ile ya zamani" ndani ya chupa ya maji ya kunywa, mwache aende zake. Aldrini na dieldrini zilipigwa marufuku katika Mkataba wa Stockholm wa 2001, na haikuwa bila sababu.

Kuhusu muda ndipo ninapogombana na watu. Mnanipigia Machi na Aprili, udongo umeshiba maji, dawa haina pa kuingia na mvua ya usiku inaisomba hadi mtaroni, ambako inadhuru viumbe wa majini. Fanyeni Januari na Februari, au Juni hadi Septemba. Siku yenyewe iwe kavu, na isitarajiwe mvua kwa saa 48. Mchanga ukiwa mkavu sana, uloweshe kidogo siku moja kabla. Upande wenye kisima usimwage dawa kabisa. Muite mtaalamu mwenye leseni. Glavu za mpira, gambuti, barakoa. Watoto na kuku wakae mbali mpaka pakauke.

Anayejenga sasa ana bahati, asiipoteze. Kifusi kikishashindiliwa, kabla ya kutandika nailoni na kumwaga jamvi, mwaga lita 5 za dawa iliyokwisha kuchanganywa kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 4 kwa 4 ni lita 80. Jamvi limwagwe siku hiyohiyo. Na kabla ya kifusi, ng'oeni visiki. Viwanja vingi vya pembezoni mwa jiji vilikuwa na minazi na mikorosho; kisiki kilichofukiwa chini ya sebule ni karamu ya miaka. Vipande vya mirunda na mbao za kumwagia zege pia, visiachwe ardhini.

Jambo moja pembeni: ukikuta chini ya mlango punje ndogo ngumu kama mchanga, bila michirizi ya udongo, huyo ni mchwa wa mbao kavu, anaishi ndani ya ubao wenyewe. Mfereji hautamgusa; ubao udungwe dawa au uondolewe. Unga laini kabisa ni bungua, si mchwa.

Baada ya wiki tatu au nne, vunja mchirizi mmoja: usipokarabatiwa, dawa imefanya kazi.

Ukanda ule wa sentimita 15 usichimbwe tena, wala usipandwe mboga. Matembele na mchicha ulivyozoea kupanda pale ukutani vihamishie upande wa pili wa uwanja.