Mambo ya kuzingatia kabla ya kununua matairi ya makasia kwa mchanga wa pwani ya kusini

Kabla hujatoa fedha kwa ajili ya matairi ya makasia ya pikipiki yako ya magurudumu manne, teremka ufukweni na uutembee kwa miguu, maji yakiwa yamejaa na tena yakiwa yamekupwa. Tairi hili lina uso laini, na juu yake yamesimama mabamba ya mpira, ndiyo makasia yenyewe, yanayokingama upana wote. Kila bamba huchota mchanga na kuusukuma nyuma, na kwa njia hiyo chombo husonga mbele. Limetengenezwa kwa mchanga mkavu, laini na wenye kina, na kwa hilo tu. Msimbati, mkoani Mtwara, kwenye ukanda wa juu karibu na mivinje, mchanga wa aina hiyo upo tele. Shuka hatua chache hadi pale maji yalipokuwa saa chache zilizopita, na utakuta mchanga mgumu uliolowa, ambao juu yake makasia hugonga na kutikisa chombo badala ya kukivuta. Ukielekea Mikindani kwenye mikoko, au sehemu za Lindi na Kilwa ambako mwamba wa matumbawe umejitokeza, matairi haya hayana kazi kabisa, na ncha moja ya jiwe inatosha kuyapasua kwa sababu mengi yana ngozi nyembamba. Mtu ambaye safari zake nyingi ni za mchanga mgumu abaki na matairi ya kawaida na ajifunze kupunguza upepo. Nasema hivyo nikijua kwamba wauzaji hawatakwambia.

Jambo la pili ni njia ya kufika huko. Kutoka Mtwara mjini hadi Msimbati ni safari ndefu ya ardhi ngumu, na makasia yakisaga changarawe na lami huisha au hukatika shinani, huku breki zikishika vibaya kwa kuwa mpira unaogusa barabara ni mchache. Pakia chombo kwenye pikapu, au nunua rimu za pili, ufunge matairi ya barabara wakati wa kwenda na ubadilishe ukifika. Rimu za pili ni gharama, lakini ni nafuu kuliko kununua matairi mapya kila msimu.

Vipimo visome kwenye ubavu wa tairi ulilonalo, usikisie kwa macho. Maandishi 20x11-9 maana yake ni kimo cha inchi 20, upana wa inchi 11 na rimu ya inchi 9. Ukinunua matairi pamoja na rimu zake, pima pia duara la nati, yaani kipenyo cha duara linalopita katikati ya matundu ya nati: Honda na Yamaha nyingi za kazi hutumia milimita 110, Can-Am nyingi 137, Polaris nyingi 156. Zote zina nati nne, na ndiyo sababu watu huagiza bila kupima, wakaletewa rimu isiyoingia.

Idadi na urefu wa makasia vifuate nguvu ya injini. Injini ndogo, ya cc 250 hivi kushuka chini, ichukue makasia machache na mafupi, 6 au 8. Ya 450 hubeba 8 hadi 10. Kubwa kuliko hapo huweza zaidi. Makasia mengi na marefu kwenye injini ndogo hayaongezi mwendo, kwani injini hulemewa, klachi au mkanda huungua, na chombo husimama pale pale ulipotaka kipae. Hesabu pia uzito wa abiria na mzigo, hasa ukibeba deli la samaki na barafu. Makasia yaliyopinda yana upande mmoja tu wa kuchota, kwa hiyo tazama mshale ulio ubavuni na uhakikishe kwamba bamba linapogusa mchanga, uso wake wenye shimo unatazama nyuma.

Makasia ni ya nyuma. Mbele funga tairi laini lenye mstari mmoja au zaidi wa mpira ulioinuka unaolizunguka, kwa maana kazi ya mbele ni kukata kona, na tairi lisilo na mstari huo huteleza ukigeuza usukani. Kwa chombo kinachovuta kwa magurudumu yote, kimo cha matairi ya mbele na ya nyuma kifuate uwiano wa kiwanda. Uwiano huo usipokuwa sawa, usiwashe mvuto wa mbele kwenye ardhi ngumu, utavunja gia.

Sasa upepo. Hapa naomba msomaji asiruke, kwa kuwa ndipo nilipoona chombo kizima kikiangamia ilhali tairi lililonunuliwa lilikuwa sahihi kabisa.

Jamaa mmoja anayesimamia nyumba ya wageni pwani alinunua Dar es Salaam matairi mazuri ya makasia 8, yanayolingana na injini yake, akaja kuyafungisha mjini Mtwara kwa fundi wa pancha anayehudumia bodaboda. Fundi yule ni mwaminifu na kazi yake ni safi. Alimaliza kufunga, akalibonyeza tairi kwa kidole gumba, likabonyea. Akasema, "Kaka, tairi limelala hili, utaua rimu." Akachomeka geji yake, ile ya kijiti ambayo namba zake zinaanzia psi 10 (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo). Kijiti hakikutoka. Kwake yeye hiyo ilikuwa na maana moja tu, kwamba tairi ni tupu, basi akafungulia kompresa hadi karibu psi 30, kama anavyofanya kwa kila pikipiki inayofika pale, na mwenye chombo akalipa na kushukuru. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya.

Siku zile zilikuwa za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida. Jioni kijana wa nyumba ile alitumwa kufuata samaki kwenye ngalawa zilizokuwa zimetia nanga upande wa pili wa ufuo, na wakati wa kurudi, deli likiwa limejaa nyuma, aliingia kwenye mkanda laini ulio chini kidogo ya mstari wa maji kujaa. Tairi gumu lililojaa upepo hugusa mchanga kwa ukanda mwembamba wa katikati tu, kwa hiyo lilizama. Kijana akavuta mafuta. Tairi la kawaida likiserereka hukwangua, lakini la makasia huchota, na kila mzunguko uliondoa mchanga chini ya gurudumu na kuutupa nyuma hadi ekseli ikakaa chini. Akazidi kuvuta mafuta. Wavuvi walikuja wakachimba kwa mikono na kwa sahani ya bati, lakini chini palikuwa pamelowa, na kila walichokitoa kilirudi. Maji yakaja yakaifunika injini.

Asubuhi tulipofungua nati ya kumwagia mafuta, kilichotoka kilikuwa cheupe kama chai ya maziwa, na beringi za magurudumu zilikuwa zimeanza kulia. Baada ya matengenezo ya gharama kubwa tuliyarudisha matairi yale yale mahali pale pale, safari hii yakiwa na psi 6, na yakapita na deli juu yake bila kuchimba.

Kwa hiyo nunua geji yako mwenyewe inayosoma kuanzia 0 hadi 15, kabla hata ya kununua tairi. Fundi atahitaji upepo mwingi kwa muda mfupi ili ukingo wa tairi ukae kwenye rimu, na hapo asivuke kiwango kilichoandikwa ubavuni. Baada ya hapo simama naye hadi autoe wote uliozidi. Anza na psi 5 au 6, ongeza hadi 7 au 8 ukibeba mzigo, kisha usogeze chombo polepole na uangalie alama iliyobaki mchangani: inapaswa kujaza karibu upana wote wa tairi. Usishuke mno, kwa sababu ukikata kona kali ukingo unaweza kuachia rimu. Pima tena mchana, kwani joto likipanda kwa nyuzi 15 hivi, tairi lenye psi 5 huongeza takriban psi 1, nayo ni sehemu ya tano ya kipimo chote ulichoanza nacho. Andika kiwango kwa rangi kwenye rimu, kwa herufi kubwa, ili fundi mwingine asikufanyie wema usiouomba.

Mwelekeze pia kila atakayeendesha kwamba chombo kikianza kuzama aachie mafuta mara moja, ashuke, achimbe mbele ya magurudumu yote na kusukuma. Asisimame akiwa anapanda. Akitaka kusimama, asimame akielekea mteremko, na juu ya mstari wa maji kujaa, hata kama ni kwa dakika moja.

Ruhusa ni jambo la kuuliza kabla, si baada. Msimbati imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba la Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, na huo mchanga mkavu wa juu unaoyafaa makasia ndio kasa wanaouchagua kutaga. Mayai hukaa ardhini karibu miezi 2 bila dalili yoyote ambayo dereva anaweza kuiona. Uliza ofisi ya hifadhi na serikali ya kijiji ni wapi panaruhusiwa kupita, na wakikwambia hapana, geuza. Ukiruhusiwa, bado usipite usiku, na usipite nyuma ya watu au nyavu zilizoanikwa, kwa kuwa makasia hurusha mchanga mbali na kwa nguvu.

Yaliyobaki ni ya kawaida. Osha chombo kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, pamoja na rimu, cheni na breki. Beba koleo, kamba, pampu ya mguu na vifaa vya kuziba pancha. Vaa kofia ngumu na miwani. Tazama saa za maji kujaa, hasa mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, usiende peke yako mbali na kijiji, mwambie mtu unakokwenda na saa utakayorudi, usimpe chombo mtoto hata akilia, na matairi ukiyavua yahifadhi kivulini, mbali na jua na mafuta ya injini.