Somo: Kwenda Dollywood majira ya chipuko bila kurudi mmenuna

Kila Machi, miti ikianza kuchipua hapa Knoxville, jimbo la Tennessee, Marekani, simu yangu haitulii. "Baba Amani, ile bustani ya michezo ya milimani mnakwendaje?" Nimelijibu swali hilo hadi koo limekauka, kwa hiyo leo naandika, na atakayeniuliza tena nitamtumia somo hili.

Kwa mgeni: Dollywood iko Pigeon Forge, kama kilomita 56 kutoka Knoxville, chini ya milima ya Great Smoky. Mahali hapo palianza mwaka 1961 kama kituo cha watalii chenye gari moshi, na mwaka 1986 mwimbaji Dolly Parton akaingia ubia na kupapa jina lake. Ni mtoto wa wilaya hiyohiyo ya Sevier, mmoja wa watoto 12 wa familia maskini. Wengi wetu hatukumjua kwa nyimbo. Tulimjua kwa vitabu, kwa sababu ndiye mwenye mpango wa kuwatumia watoto kitabu kimoja bure kwa posta kila mwezi hadi wafike miaka mitano. Kama una mtoto mdogo na hujamwandikisha, acha kusoma hapa, nenda kamwandikishe kwanza.

Hatua ya 1: Siku kwanza, tiketi baadaye

Hapa ndipo watu wanapokosea, nami nilikosea. Mwaka wetu wa kwanza nilinunua tiketi za Jumamosi moja katikati ya Aprili kwa sababu tu ndiyo siku niliyokuwa na mapumziko kazini. Sikujua kwamba wikendi ile mji mzima ulikuwa na maonyesho ya magari ya zamani. Barabara kuu ilijaa magari yanayotembea polepole makusudi ili yatazamwe, na watu wamekaa kwenye viti pembeni wakiyapigia makofi. Watoto walilia, mama Amani alinyamaza, na kunyamaza kwake mnakujua.

Kwa hiyo fungua kalenda ya bustani kabla hujagusa pochi. Hufungwa baada ya msimu wa Krismasi na kufunguliwa tena Machi, na mwanzoni si kila siku, Jumanne nyingi milango huwa imefungwa. Epuka Jumamosi, epuka wiki ya likizo ya shule ya Machi, na epuka hayo maonyesho ya magari. Mwenye zamu za usiku kiwandani ana bahati kuliko wote, maana Jumatano au Alhamisi ya mwisho wa Aprili ni siku tamu: tamasha la maua limeanza, miti ya porini iitwayo dogwood imetoa maua meupe milimani, na foleni zinavumilika.

Sasa hali ya hewa. Sisi wa Uvira na Kigoma tulilelewa na joto la ziwa, chipuko la huku linatudanganya. Asubuhi inaweza kuwa nyuzi 4, saa nane mchana ikawa 20, kisha mvua. Vaa nguo za tabaka, beba koti jepesi la mvua kwa kila mtu na soksi za akiba kwa watoto. Radi ikisikika, michezo ya juu husimamishwa, hivyo ukiona utabiri wa radi mchana, panda mikubwa asubuhi.

Hatua ya 2: Pima watoto nyumbani

Huko wanapima kwa inchi, na mhudumu hana huruma ya nusu inchi. Simamisha mtoto ukutani akiwa na viatu atakavyovaa. Inchi 39 (sentimita 99) zinafungua FireChaser Express na Big Bear Mountain, rola kosta (vigari vya kasi vinavyopanda na kushuka kwenye reli) ambazo hata mimi mwoga nazimudu. Inchi 48 zinafungua Thunderhead ya mbao na Lightning Rod. Wild Eagle, ile ambayo miguu inaning'inia hewani, inataka 50. Mwambie mtoto ukweli mkiwa bado sebuleni. Kilio cha sebuleni huisha, cha kwenye foleni huharibu siku.

Watoto wa miaka 3 kurudi chini hawalipi. Kwa waliobaki, linganisha bei ya tiketi na pasi ya msimu. Familia inayotaka kwenda mara mbili mwaka huo ifanye hesabu vizuri kabla ya kukimbilia tiketi za siku moja.

Hatua ya 3: Njia

Usifuate umati kwenye barabara kuu ya Pigeon Forge. Ukifika Sevierville, shika Veterans Boulevard, itakupeleka karibu na lango bila kupita katikati ya mji. Fika kabla hawajafungua. Piga picha herufi ya eneo ulipoegesha, jioni magari yote yanafanana.

Hatua ya 4: Mkishaingia

Wenzenu watakimbilia rola kosta. Wenye vijana, kimbieni nao. Mwenye wazee na watoto, nenda kwanza kwenye treni. Inavutwa na injini ya mvuke inayochoma makaa ya mawe kwelikweli, aina iliyofanya kazi Alaska wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Hapa neno "gari moshi" linarudi kwenye maana yake, na chembe za makaa zitakurukia usoni, basi kitambaa cheupe kiache nyumbani.

Kisha kinu cha unga, kilichojengwa mwaka 1982, ambako wanauza mkate wa mdalasini. Foleni yake mchana ni ndefu kuliko ya rola kosta. Nunua asubuhi. Mmoja unatosha watu wanne, isipokuwa kama mmoja wao ni shemeji yangu.

Kuna pia kanisa dogo la mbao lenye jina la daktari Robert F. Thomas. Ndiye aliyemzalisha mama yake Dolly, na malipo yake yalikuwa gunia la unga wa mahindi. Baba yangu aliposikia hilo alikaa kwenye benchi la kanisa muda mrefu kuliko mahali pengine popote siku ile.

Maswali ya wenzetu

Mama Rehema, Nashville: Tukitoka saa kumi na moja alfajiri tutawahi ufunguzi?

Safari ni kama saa tatu na nusu, lakini kumbuka saa za Nashville ziko nyuma ya za Pigeon Forge kwa saa moja. Ukifika unadhani ni saa mbili na nusu, kwao ni tatu na nusu. Ondokeni mapema zaidi au laleni huko.

Mzee Juma: Magoti yangu mabovu. Nitaweza?

Shikamoo mzee. Bustani imejengwa bondeni, ina vilima vikali, na kigari cha mtoto chenyewe kinatoa jasho. Chukua ramani langoni, maliza upande mmoja kabla ya kwenda mwingine. Treni na maonyesho ya muziki unakaa tu.

Ukhti Zuhura: Chakula kwa Waislamu?

Nyama ya nguruwe ni nyingi huko, na maharage ya Kusini mwa Marekani mara nyingi hupikwa nayo, kwa hiyo uliza hata sahani ya mboga. Sisi huacha boksi la chakula kwenye gari, mchana tunatoka kula na kurudi. Ulizia utaratibu wa kurudi kabla hujavuka lango.

Espoir: Siku ya pili tunaweza kupanda milima yenyewe?

Pandeni! Kuingia hifadhi ya Great Smoky ni bure, ila tangu Machi 2023 ukiegesha zaidi ya dakika 15 unalipia kibandiko: dola 5 kwa siku, 15 kwa wiki. Barabara ya kwenda Newfound Gap, njia ya kuvukia kileleni mwa milima, inapanda hadi kama mita 1,538, na hata Aprili theluji inaweza kuifunga, basi angalieni asubuhi kama iko wazi.

Espoir: Na dubu?

Chipuko wameamka na wana njaa. Sheria ni kukaa mbali yadi 50, kama mita 46. Na lile boksi la chakula nililomwambia Ukhti Zuhura, mkilala kwenye nyumba za kukodi za mlimani, usiku liingizeni ndani. Dubu wa huko wanajua kufungua mlango wa gari.