Joto limeingia na yuniti zinakimbia: fanya hivi kabla hujanunua umeme tena

Kuanzia Disemba mpaka mvua za masika zianze, maneno mtaani ni yale yale, mbona umeme wa elfu kumi hauendi hata wiki, na wa kwanza kulaumiwa ni mita, wa pili ni yule mpangaji wa chumba cha uani mwenye friji. Mie nasema mita muiache kwanza. Joto likizidi feni hazizimwi, friji inanguruma mchana kutwa kwasababu chumba chenyewe kina joto na lazima ifanye kazi zaidi, na wenye AC ndo usiseme. Tatizo letu tunabana pasipo na kitu: mtu anawagombeza watoto wazime taa ya chooni ya wati 5, na huku friza ya barafu mpira wa mlango umeachia inavuja baridi usiku kucha. Kwahiyo kabla ya kubana chochote jua kwanza yuniti zako zinaishia wapi.

Na kujua ni bure, huhitaji fundi wala kifaa. Iendee Tukuza yako, ile mita ya kununua yuniti kabla, uitizame, ina kitaa kidogo chekundu kinapepesa na karibu yake pameandikwa 1000 imp/kWh, au 1600, au nambari nyengine. Maana yake kitaa kikishapepesa mara 1000 (au hizo 1600) imeshaondoka yuniti moja. Sasa zima kila kitu ndani, washa kimoja tu unachokishuku, shika saa ya simu uhesabu dakika moja. Mfano mita ni ya 1000 na kitaa kimepepesa mara 15, zidisha mara 60 unapata 900, basi kitu hicho kinakula wati 900, karibu yuniti nzima kila saa. Hiyo ndo AC ya hospawa moja ikiwa inasukuma. Washa feni ya juu peke yake uhesabu tena, utaona inapepesa mara moja tu kwa dakika, pengine na haifiki. Ukishaona tofauti hiyo kwa macho yako huna haja ya kusomewa na mtu nini cha kubana.

Friji usiipime kwa dakika moja maana inawaka na kukata yenyewe, hiyo soma salio la yuniti kabla ya kulala, usiku uache friji na feni tu, asubuhi soma tena utoe za feni uliyokwisha kuipima. Na ukizima kila kitu, hata vile vya kwenye soketi, halafu kitaa bado kinapepesa, hapo ama kuna waya unavuja ndani ya ukuta ama kuna mtu kajiunga kwako, muite fundi wa umeme anaejua kazi usianze kuparura mwenyewe. Kikizima au kikabaki kimewaka tu bila kupepesa, uko salama.

Haya, tuje kwenye joto lenyewe. Nyumba zetu za siku hizi tumezijenga za kupika watu jamani. Nyumba za zamani za Mji Mkongwe kuta za mawe nene, dari ziko juu, mtaa mwembamba jua halifiki chini, na za shamba ni makuti. Sie tumeweka bati, chini yake dari ya jipsam, na katikati pamefungwa hakuna pa kutokea hewa, kuanzia saa saba mchana mule juu moto unakaa na usiku kucha unashuka kwenye kitanda chako. Toboa matundu ya hewa kwenye kuta za pembetatu pande zote mbili za paa, uweke wavu popo wasiingie. Bati lipake rangi nyeupe, au ukinunua jipya chagua la rangi ya mwanga, yale ya bluu iliyokoza na maruni mazuri kwa picha lakini yananyonya jua. Upande wa magharibi ndo adui, lile jua la saa tisa mpaka la kumi na mbili linaingia dirishani moja kwa moja, panda mti hapo, mkungu unafaa sana kivuli chake kinatanda na hapo hapo umepata pa kuweka baraza. Mnazi usiupande karibu na nyumba, kivuli hauna na nazi zitakutoboa bati. Mpaka mti ukue, ning'iniza chiki ya vijiti au pazia zito kwa nje ya dirisha, ya nje inazuia jua kabla halijagonga kioo, ya ndani inakuwa joto limeshaingia.

Madirisha nayo. Msimu huu upepo ni wa kaskazi, unakuja kutoka kaskazini mashariki, kwahiyo dirisha la upande huo lifungue na la upande wa pili pia, upepo usipokuwa na pa kutokea hauingii. Yale ya alumini ya kusukuma yanafunguka nusu tu, nusu nyengine umelipia kioo cha kuzuia upepo, mie kwa nyumba mpya nisingeyaweka. Na ule wavu wa mbu uguse kwa kidole, kama umejaa vumbi jeusi basi hewa haipiti, utoe uusugue kwa sabuni na brashi utashangaa kama vile umebadilishiwa chumba.

Feni haipozi chumba, inakupoza wewe kwa kukausha jasho. Ukitoka chumbani izime, kukiwashia feni kitanda kitupu ni kutupa pesa. Feni ya juu kati ya wati 50 na 75, na siku hizi zimekuja za mota ya DC zenye rimoti zinakula kama wati 30, bei yake iko juu ila kwa nyumba inayowasha feni tatu usiku kucha inarudi. Na futeni mapanga yake basi, uchafu ukiganda yanazunguka mazito na hewa haishuki.

Wenye AC, mniskilize. Kuweka 16 hakuifanyi ipoze haraka, inapoza kwa kasi ile ile ila haikati, inasukuma moja kwa moja mpaka asubuhi. Weka 26 na feni ya juu pole pole, unapata usingizi ule ule na kompresa inakata. Tumia taima, ikate saa kumi alfajiri hewa ya nje imeshapoa. Chujio la ndani lioshe kila baada ya wiki mbili, ni kulivuta tu na kulitia kwenye maji, na kipande cha nje kisafishwe, maana chumvi ya bahari inakula yale mapezi ya alumini na ukikaa pwani inakula zaidi. Chini ya mlango weka kitambaa, baridi isikimbie. Na hili la fundi kuja kila kaskazi "kuongeza gesi": gesi ya AC haitumiki ikaisha kama ya jiko, ikipungua kuna pahala inavuja, mwambie azibe kwanza ndo ajaze, vyenginevyo utamlipa kila mwaka.

Friji ndo penye maneno mengi, kwasababu ndo kitu kisichozimwa. Jaribu kuchomeka karatasi kwenye mlango uufunge halafu uvute, ikitoka kirahisi mpira umechoka. Kwanza uoshe kwa maji ya moto na sabuni, mara nyengine ni mafuta na uchafu tu, ukikataa badilisha mpira sio friji. Iweke mbali na ukuta angalau shubiri moja, ile nyuma inatoa joto lazima lipate njia, na usiiweke karibu na jiko wala dirisha la jua. Barafu ikiganda kwenye friza nene kuliko kidole, zima iyayuke yenyewe, kisu usitie utatoboa bomba la gesi na hapo umeshanunua friji nyengine.

Mkienda Darajani au Mwanakwerekwe kununua za mtumba msitizame ukubwa na bei tu, ndani au mlangoni nyingi zina karatasi imeandikwa kWh kwa mwaka, igawe kwa 365. Ikiandikwa 365 ni yuniti moja kwa siku, na hiyo imepimwa ikiwa mpya, kwa joto letu na uzee wake tegemea zaidi. Friji ya bei rahisi inayokula yuniti tatu kwa siku si rahisi.

Ramadhani ya 2026 ilianza Februari, katikati ya joto, na miaka michache inayofuata nayo itakuwa kwenye joto la Januari na Februari. Mlango wa friji saa kumi na moja jioni unafunguliwa na kila mtu, huyu juisi ya ukwaju, huyu maji, huyu anachungulia tu. Maji ya futari tieni kwenye chupa ya chai kubwa mapema, friji ibaki imefungwa. Uji na chakula cha moto kipoe kwanza nje. Na wale wanaouza barafu, piga hesabu: kugandisha lita kumi za maji kunakula kama yuniti moja, friza ikiwa nzima, bei ya yuniti iko kwenye risiti yako, kama barafu zako hazirudishi hiyo na faida juu unawafanyia kazi wanywaji. Friza ijae, hata kwa chupa za maji, umeme ukikatika inashika baridi muda mrefu. Jioni umeme ukiwa mdogo mpaka taa zinafifia, kompresa inahangaika kuanza na inapata moto, kigadi cha friji, kile kinachokata umeme ukiwa mdogo, ni pesa kidogo kuliko kompresa.

Vyengine kwa haraka. Kanzu na nguo za skuli pigeni pasi kwa pamoja mara moja, pasi ni wati 1000 na kila ikianza kupata moto upya umelipa. Birika la umeme chemsha maji ya vikombe unavyotaka mimina chupani. Hita ya maji ya kuoga kwa joto hili sijui ya nini, simtanki jeusi juu ya paa alasiri maji yanaunguza. Pampu ya maji itie floti izime yenyewe tangi likijaa, na bomba linalodondoka litengeneze kwasababu unapandisha maji kwa umeme kisha unayamwaga. Globu za zamani za wati 60 kama bado unazo toa leo, LED ya wati 9 mwanga ni ule ule na joto lake ni dogo sana.

Kwa nyumba za kupanga mnaochangia mita moja, acheni kugawana sawa sawa halafu mkanuniana. Kaeni siku moja mpime kila chumba kwa kile kitaa, friji kwa salio la usiku, muandike karatasini wati za kila mtu na saa anazowasha, mgawane kwa hiyo, mubandike ukutani pembeni ya mita. Yule anaelalamika zaidi mpeni yeye kazi ya kuhesabu.