Jinsi ya kuizuia git pull isikujazie komiti za "Merge branch"

Juzi mdogo wangu mmoja wa hapa Mwanga, Kigoma, aliniletea kompyuta yake. Yeye na mwenzake wanaandika programu ya kuwekea hesabu za dagaa wanaoshushwa mwalo wa Kibirizi. "Kaka, hebu niangalizie hii historia." Wanatumia git, programu inayotunza historia ya msimbo; kila badiliko linalohifadhiwa humo linaitwa komiti. Nikaandika `git log --oneline`, amri inayoorodhesha komiti hizo. Kwenye mistari ishirini ya juu, kumi na mmoja ilisomeka "Merge branch 'main' of…". Komiti aliyokuwa anaitafuta, ile iliyobadilisha bei ya kisado, tuliipata baada ya kushuka sana.

`git pull` ni amri mbili kwa mpigo: inaleta vitu kutoka kwenye seva, halafu inaviunganisha na tawi lako, yaani mlolongo wa komiti unaofanyia kazi. Kama wewe na mwenzako kila mmoja kaongeza komiti zake, kuunganisha huko kunazaa komiti nyingine isiyo na kazi yoyote ndani. Tunachotaka sisi ni rebesi: komiti zako ambazo hujazituma zinawekwa pembeni, za mwenzako zinaingia kwanza, kisha zako zinapachikwa juu yake.

Hatua ya 1: Angalia toleo

`git --version`. Toleo la 2.27 (2020) ndilo lililoanza kuonya kuhusu jambo hili, na tangu 2.33 (2021), kama kila mmoja ana komiti zake, git inagoma kabisa mpaka uchague. Ya zamani zaidi inaunganisha kimyakimya. Sasisha.

Hatua ya 2: Badilisha

```
git config --global pull.rebase true
git config --global rebase.autoStash true
```

Mstari wa pili usiuruke. Bila huo, pull itakataa kila ukiwa na faili ulilolihariri bila kulikomiti, na hiyo ni karibu kila siku.

Wapo wanaosifu `pull.ff only`. Ni salama, sikatai, ila historia zikipishana, yaani kila mmoja akiwa na komiti zake, inakugomea tu na kukuachia kazi ileile uifanye kwa mkono. Kwa watu wawili wanaoshinda kwenye tawi moja, ni kero.

Wala usijisumbue kutengeneza amri fupi uiite `pull`. Git inapuuza jina fupi linalofanana na amri yake yenyewe. Ukitaka, iite `vuta`:

```
git config --global alias.vuta "pull --rebase"
```

Hatua ya 3: Hakikisha hakuna kinachoipinga

Hapa ndipo nilipoacha jioni nzima. Tuliweka `true`, tukavuta, na komiti ya "Merge" ikaja tena. Tukaweka upya. Ikaja. Nikaanza kushuku toleo, tukateketeza bando kusasisha, bado.

Tatizo ni kwamba `--global` haina sauti ya mwisho. Kilichoandikwa ndani ya mradi, kwenye `.git/config`, kinaishinda. Na kinafikaje huko? Git inapogoma, inakuonyesha mistari mitatu ya kuchagua, na wa kwanza ni `git config pull.rebase false`. Mtu mwenye haraka ananakili huo wa kwanza. Hauna `--global`, kwa hiyo unabaki ndani ya mradi huo tu, na mwenyewe anasahau. Mdogo wangu aliapa hajawahi kuandika kitu kama hicho. Muulize git, usimuulize mtu:

```
git config --show-origin --get-regexp rebase
```

Haihitaji intaneti. Kwake ilitoa `pull.rebase true` kutoka faili la nyumbani (ndiko `--global` inakoandika), kisha `pull.rebase false` kutoka `.git/config`. Wa mwisho ndio unaotawala. Tukaufuta:

```
git config --unset pull.rebase
```

Nikashangilia mapema. Komiti ya "Merge" ikarudi, kwa sababu kwenye majibu yaleyale kulikuwa na mstari mwingine nilioupita kwa macho: `branch.main.rebase false`. Huu unahusu tawi moja tu, na una nguvu kuliko `pull.rebase` yoyote, popote ilipoandikwa. Nao ukafutwa:

```
git config --unset branch.main.rebase
```

Ikikwambia kuna thamani zaidi ya moja, tumia `--unset-all`. Na kama una miradi mitano, amri ya kuuliza iendeshe ndani ya kila mmoja. Kusafisha mmoja hakugusi mingine.

Hatua ya 4: Vuta

`git pull` kama kawaida. Mkiwa mmegusa mstari uleule, itasimama ikuombe usuluhishe. Angalizo: wakati wa rebesi "ours" ni upande wa seva na "theirs" ni kazi yako, kinyume na ulivyozoea, kwa hiyo soma msimbo wenyewe kabla ya kuchagua upande. Ukimaliza, `git add` kisha `git rebase --continue`. Ukichanganyikiwa, `git rebase --abort` inakurudisha ulipokuwa.

Siku tawi lako lina komiti ambazo watu wengine walishazivuta, tumia `git pull --no-rebase` kwa mara hiyo moja tu. Settingi iache ilivyo.